Pateni ni ya Aliyeilipia

Mimi sikuagwa. Hakukuwa na pilau, hakukuwa na hotuba, wala ile saa ya ukutani anayopewa mtu siku ambayo hahitaji tena kuwahi popote. Vijana mliobaki kiwandani, msinionee huruma kwa hilo. Nimesikia mnaambiana kwamba Mama Zaina aliondoka kwa ugomvi. Ni kweli, niliondoka kwa ugomvi, na ningerudishwa leo ningegombana tena palepale. Lakini mmeusikia upande mmoja tu, tena kwa watu ambao siku hiyo hawakuwepo. Kwa hiyo nimekaa hapa kibarazani kwangu Ipagala, Dodoma, niandike nilivyofanya kazi na kwa nini niliondoka. Vyeo sitaviandika. Nilipewa viwili, na vyote vilikuwa kazi ileile kwa jina refu zaidi.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza pateni. Kwa asiyejua, chuma kilichoyeyuka hakijui umbo. Lazima mchanga uwe na shimo lenye umbo la kipuri kinachotakiwa, na shimo hilo huachwa na pateni. Pateni huzikwa kwenye boksi la mchanga, mchanga hushindiliwa, pateni hutolewa taratibu, kisha chuma humwagwa pale ilipokuwa. Yenyewe haiingii kwenye mashine yoyote. Haisagi, haikamui, haizunguki. Ila ikikosewa, vipuri vyote vitakavyozaliwa nayo vimekosewa, na wa kwanza kutafutwa ni aliyeitengeneza.

Nilifika kiwandani nikitokea shule ya ufundi. Wazee wa ukoo wetu walikuwa wafanyabiashara wa Kondoa tangu zama za misafara, baba alikuwa na duka la nguo karibu na soko hapa mjini, na kila shangazi alijua mahali pangu ni nyuma ya kaunta. Nikaenda kwenye tanuri. Asubuhi ya kwanza mafundi wa mchanga waliponiona mlangoni, mmoja akaniuliza, "Dada, chai umeileta?" Nikamjibu, "Nami naisubiri hiyohiyo." Wakacheka. Mwaka mzima waliendelea kuniuliza chai, na mwaka mzima niliendelea kuisubiri.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Ndahani, Mgogo wa Mvumi, mtu aliyevaa koti hata Oktoba wakati sisi wengine tunatafuta kivuli cha nguzo. Aliingia kila siku na salamu ya "mbukwenyi" moja kwa karakana nzima, halafu hakusema tena mpaka awe na jambo. Somo lake la kwanza halikuhitaji chombo. Alinipeleka kwenye lundo la mchanga wenye unyevu, akaniambia nikunje ngumi niizamishe. "Toa," akasema. Nikatoa, mchanga ukabomoka wote. "Sasa kusanya vidole kama unataka kumega ugali. Zamisha. Toa." Mkono ukatoka na shimo likabaki zima, kingo zake safi. "Umeona? Kila ubavu wa pateni uwe na mwinamo kidogo, pateni iwe nyembamba kule inakotangulia kuingia. Ukiisimamisha wima kama ukuta, itatoka na mchanga wa watu." Hilo ndilo lote alilosema kabla ya chakula cha mchana, na sijawahi kukuta somo lililonifaa zaidi.

Kisha akanipa rula. Niliipima kwa rula yangu ya shule, nikaona sentimita zake ni ndefu. Chuma kikipoa hunywea, kwa hiyo pateni lazima iwe kubwa kidogo kuliko kipuri, na badala ya kupiga hesabu kila mara, sisi hutumia rula ambayo imeshanyooshwa kwa kadiri ya kunywea huko. Kila metali na rula yake. Wakati mmoja mtunza stoo wetu alipokea rula mpya, akazilinganisha, akazirudisha dukani kwa hasira akisema zimekosewa, na mwenye duka akamuunga mkono na kumbadilishia. Tulikaa na rula za wanafunzi hadi Mzee Ndahani alipokwenda mwenyewe kuzikomboa zile zetu. Hakumkaripia mtunza stoo. Alisema mtu anayekagua mali kabla ya kuipokea si wa kukaripiwa.

Mtaniuliza kwa nini tulihangaika na pateni za metali wakati mbao ni rahisi kuchonga. Jibu ni Dodoma. Mninga uliokaushwa vizuri kabisa, ukiuleta hapa, bado utakuta una maji ya kutoa. Pateni ya mbao iliyokuwa sawa wakati wa mvua, upepo wa Agosti unaikausha mpaka viungo vinaachana, na masika ikirudi inavimba kama mtu aliyesemwa vibaya. Kwa hiyo kwa kipuri kitakachotakiwa mwaka hadi mwaka, tulichonga kwanza ya mbao, tukaitumia kusubu, yaani kumimina mchangani, ya alumini au ya shaba, kisha hiyo nayo ikapigwa tupa na msasa mpaka ikateleza kama sabuni. Hapo kunywea ni mara mbili: alumini inanywea ikizaliwa kutoka kwenye mbao, na chuma kitanywea kikizaliwa kutoka kwenye alumini. Anayesahau mara ya pili hupata kipuri kizuri, kinachong'aa, kisichoingia popote.

Kazi iliyonitoa jasho kuliko zote ilikuwa ya Bwana Dominiko, Msandawe wa kule Kwa Mtoro, aliyekuwa na mashine ya kukamulia alizeti. Parafujo yake kubwa ilikuwa imeliwa mpaka mbegu zinatoka zilivyoingia, na waliotengeneza mashine ile walikuwa hawapo tena. Alinieleza kila sehemu ya mashine kwa jina lake la Kisandawe, na mimi nilijaribu kuyarudia kwa adabu, lakini ulimi wangu haugongi pale panapotakiwa. Akacheka mpaka akakaa chini. Parafujo haitoki mchangani kwa kuvutwa, kwa sababu kila uzi wake unakamata mchanga. Nilitengeneza moja ikabomoa, nyingine ikabomoa, mafundi wa mchanga wakaanza kuniita mama mbomoaji. Mwishoni nikatengeneza ya shaba, nyuzi zake nikazipiga msasa kwa wiki kadhaa, nikaitilia mpini kichwani ili itolewe kwa kuzungushwa, kama unavyofungua kifuniko cha chupa. Ilipotoka bila kuangusha punje, mafundi wa mchanga waliacha koleo zao wakaja kuchungulia shimo. Nililia, na sikujificha.

Bwana Dominiko alipokuja kuchukua parafujo yake, aliikuta pateni mezani, ina jina lake limegongwa nyuma kwa herufi za chuma. Akauliza kwa nini.

"Ni yako," Mzee Ndahani akamwambia. "Umelipia kipuri, na umelipia hii. Kipuri utaondoka nacho. Hii inalala kwetu, siku ukivunjikiwa tunaitoa."

"Na nikitaka kuondoka nayo?"

"Ondoka nayo. Sisi tunailaza tu."

Hiyo ndiyo desturi ya kazi yetu, na sikuitunga mimi. Pateni ni ya aliyeilipia. Kiwanda kinampa rafu tu. Nyuma ya kila pateni huwa kuna jina la mwenyewe, la fundi halipo. Zilijaa stoo yetu kutoka sakafuni mpaka darini: za wasagaji wa Kibaigwa, za mafundi wa maji wa vijijini, za wakamuaji alizeti, za watu wa zabibu. Nilikuwa naweza kuingia gizani nikachukua ninayoitaka kwa kupapasa. Mzee Ndahani alipostaafu alinikabidhi ufunguo bila neno la ziada, akavaa koti lake vizuri, akaenda zake Mvumi. Nako ndiko alikozikwa.

Sasa nifike kwenye ugomvi. Kiwanda kilipata mwenye mali mpya, Bwana Ezekia, kijana kwangu lakini si mtoto. Sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Alikuta tanuri linawashwa mara chache, maduka yamejaa vipuri vya kutoka nje, na wafanyakazi wanaomtazama kila mwisho wa mwezi. Aliingia stoo yangu, akatembea katikati ya rafu, akainyanyua pateni ya nyumba ya beringi ya Mama Salome, msagaji wa Kibaigwa, akaipima uzito mkononi kama mtu anayenunua samaki.

"Mama Zaina, tunanunua alumini chakavu mitaani, na huku tuna alumini safi imelala. Hizi tuziyeyushe, kuna watu wanataka masufuria. Mteja akija, alete kipuri chake kilichovunjika, tukizike hichohicho mchangani."

Nikamweleza. Kipuri kilichovunjika tayari kimelika. Ukikizika kama pateni, chuma kitanywea tena juu ya pale palipolika, mwana azaliwe mdogo kuliko mama, na mjukuu mdogo kuliko mwana.

"Watu wanapaka gamu, wananenepesha," akasema. "Wanafanya hivyo kila siku na wanakula."

"Wanakula, ndiyo."

"Basi nichagulie zile ambazo hazitumiki sana. Tuanze na hizo."

"Siwezi kuchagua vya watu."

"Vya watu gani, mama? Viko kwenye rafu yangu."

"Kwani gari likilala gereji linakuwa la gereji?"

Hakukasirika hapo. Alikaa juu ya kreti, akaniambia jambo ambalo hata leo nakubali lilikuwa kweli: watu hawali pateni. Akasema tanuri litawashwa Jumatatu na kama sichagui zitakwenda zote. Nikamwambia machoni pake kwamba nitawapigia simu wenyewe waje kuchukua vyao. Akatabasamu. "Waite. Nani ataacha shamba kufuata kipande cha alumini?"

Nikawaita. Nilikaa na simu mpaka sikio likawaka. Wengine namba zao hazikupatikana, wengine walipokea watoto wao wakasema baba ameshafariki, hakuna anayejua kitu. Kwa niliowapata nilisema maneno yaleyale: pateni yako itayeyushwa Jumatatu, ukiitaka njoo Jumamosi. Sikumbembeleza mtu. Usiku niliogopa kwamba Ezekia ana haki ya kucheka, kwamba Jumamosi nitasimama getini peke yangu na ufunguo wangu.

Walikuja. Fundi wa maji kutoka upande wa Mvumi alifika kwa pikipiki, akafunga pateni za pampu nyuma yake kwa mpira kama anavyofunga kuku. Bwana Dominiko alifika kwa basi, akaibeba pateni ya parafujo yake begani. Wa mjini walikuja na guta. Mama Salome alikuja na fuso la mahindi, akiwa amekaa mbele na dereva, na alipoteremka alianza kuita majina ya wasagaji wenzake waliomtuma, kwa sauti ile ya mtu aliyezoea kuzungumza juu ya mashine. Nilikuwa nasoma jina nyuma ya pateni, naita, mwenyewe anapokea. Wengine hawakuwahi kuziona. Waliziangalia mbele na nyuma, wakapitisha dole gumba juu ya jina lao.

Fuso lilipokuwa limeshageuza, Ezekia akaingia. Nadhani mtu alimpigia. Alitazama rafu zilizobaki na mapengo kupitia mlango uliokuwa wazi, kisha akamwambia mlinzi afunge geti.

Mama Salome akachungulia dirishani. "Hujambo, baba? Nimefuata mali yangu."

"Mama, hakuna kitu kinachotoka hapa bila kibali changu."

"Kina jina langu. Njoo usome."

Mlinzi alikuwa ameshashika geti, maskini, mtu mwenye watoto wa shule. Nikaenda nikasimama katikati, pale mabati mawili yanapokutana, nikamwambia akitaka kufunga anifungie mimi hapohapo.

"Mama Zaina," Ezekia akasema polepole, "ukiendelea kusimama hapo, Jumatatu usije."

"Nimesikia."

Dereva wa fuso akapiga honi fupi, ya adabu. Nikasogea pembeni kadiri ya upana wa gari, bado mkono wangu uko kwenye geti, likapita. Wakapita na wa guta, na wa pikipiki, na Bwana Dominiko kwa miguu. Wa mwisho kupita nilikuwa mimi. Ufunguo niliuacha kwenye kitasa cha stoo, na bado nilikuwa na miezi ya kufika siku yangu ya kustaafu.

Zilizokosa wenyewe ziliyeyushwa Jumatatu. Nilisimuliwa, sikuwepo. Baadhi zilikuwa kazi ya mikono ya Mzee Ndahani, na sitawadanganya kwamba nililala. Nilikaa kitandani nikazitaja moja moja kwa nafasi zake kwenye rafu. Niliumia, na bado naumia.

Kuna na hili, lisije likasemwa na mwingine. Bwana Dominiko aliiuza pateni ya parafujo yake. Shaba ina bei, na mwaka ule alizeti haikumlipa. Niliposikia nilipanda basi mpaka Kwa Mtoro nikiwa nimejaza maneno mdomoni. Alinipokea vizuri, akanikaribisha uji, akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ulisema ni yangu, Mama Zaina," akaniambia.

"Nilisema."

"Basi."

Kama ni yake, ni yake hata katika kuiuza. Nilikunywa uji wangu, tukazungumza habari za mvua, nikarudi nyumbani. Watu huniambia ningezificha zote kwangu, zingekuwa salama. Hapana. Ningekuwa Ezekia mwingine mwenye rafu nyingine.

Msimu wa mahindi uliofuata, Ezekia akaja hapa Ipagala. Aliacha gari mbali kidogo, akabisha hodi, akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikampa kiti. Hakuzungusha maneno. Nyumba za beringi walizosubu kwa kuzika zilizovunjika zilikuwa zimetoka ndogo, mafundi wakazichonga ndani ili beringi ziingie, kuta zikabaki nyembamba, zikapasuka wasagaji wakiwa na foleni. Wateja walikuwa wanakwenda Morogoro.

"Naomba uwapigie, mama. Wazirudishe pateni tuwatunzie. Nimeshanunua makufuli mapya."

"Nenda ukawaombe mmoja mmoja."

"Siwajui wanakokaa."

"Mimi nawajua."

Nilimwacha akae nalo kidogo, kwa sababu nilikuwa nafurahia. Halafu nikaenda ndani nikabadilisha khanga.

Tulianza na Kibaigwa. Nilimwambia mimi nitakaa garini, yeye ndiye atakayeomba. Nikateremsha kioo ili nisikose neno. Mama Salome alitoka kwenye banda la mashine akiwa mweupe wa unga mpaka kope, akasimama mlangoni, na Ezekia ikabidi apaze sauti kushinda mashine. Alijieleza vizuri, hilo nakiri. Alisema alikosea kuzihesabu zile pateni kuwa zake. Alisema zikirudi hakuna atakayezigusa bila mwenyewe kujua, na akayataja makufuli.

Mama Salome alinitazama mimi kwenye gari. Sikutikisa kichwa, si kwa ndiyo wala kwa hapana. Akamwita binti yake ashike kazi, akaingia ndani, akatoka na kiroba amekikumbatia. Ezekia akanyoosha mikono kupokea. Mama Salome akampita, akafungua mlango wa nyuma, akakaa kando yangu, akaweka kiroba mapajani.

"Twende," akasema.

"Unakwenda wapi, mama?" Ezekia akauliza.

"Inakokwenda hii. Mtaitumia, halafu mimi nayo tutarudi jioni kwa basi. Kulala kwenu hailali tena."

Ezekia alisimama pale kidogo, unga unamwangukia kwenye suruali nyeusi. Kisha akaingia akawasha gari.

Mchana ule Mama Salome alikaa kwenye benchi pembeni ya uwanja wa mchanga. Alimkabidhi fundi pateni kwa mkono wake, akaangalia inavyozikwa, akamuuliza kila anachofanya. Ilipotolewa, kabla hata chuma hakijaiva kwenye tanuri, alikuwa ameshasimama anaipokea. Akaifuta, akairudisha kwenye kiroba, akakaa nayo kusubiri kipuri chake. Baada yake wakaja wengine wa Kibaigwa, wa Mvumi, wa Kondoa, kila mmoja na kifurushi chake.

Hao ndio mnaowalalamikia kwamba wanakaa kwenye njia yenu kutwa nzima wakiwatazama mikono. Nimesikia kuna anayetaka waandikiwe wasubiri nje ya geti. Geti lile nalijua vizuri, na kutoka Ipagala mpaka hapo si mbali.